Panzi wa Bi Zainab

Siku ile mjinga alikuwa Obuya, na wala tusihangaike kumtafutia wakili, maana mwenyewe amekubali. Ukimkuta leo pale Dagoretti Corner, ameketi juu ya sofa isiyo na nguo, mdomo umejaa misumari midogo, atakusimulia jinsi alivyoipaka ndege ya harusi rangi ya vita. Na atacheka kabla yako, ili usipate raha ya kuanza.

Sofa, ndiyo. Siku hizi ni fundi wa sofa, ila ukitaka akununie wiki nzima, mwite hivyo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye hanga moja la uwanja mdogo wa ndege upande wa Lang'ata, akizivalisha ndege vitambaa. Watu hudhani ndege zote ni bati. Zile ndogo za zamani zilikuwa mifupa ya chuma na mbao iliyovikwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kilishonwa kwa mkono, ubavu kwa ubavu, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Dawa hiyo ilinuka rangi ya kucha. Milcah, alipoolewa, alikaa mwezi mzima akiamini mumewe ana mwanamke anayejirembesha kucha mahali. Ikabidi Obuya amchukue hadi hangani akamwonyeshe huyo mwanamke: ana mabawa mawili na kigurudumu mkiani.

Halafu ndege za bati zikazagaa, kazi ya kitambaa ikafa, na Obuya akaambiwa asante, kwaheri. Alilinda lango la watu, akauza mitumba, akabeba zege mpaka mgongo ukaanza kumjibu. Mwishowe akagundua kwamba sofa nayo ina mifupa na inavalishwa nguo. "Sofa," huwaambia wateja, "ni ndege iliyokata tamaa."

Basi asubuhi moja alikuwa mjini, Biashara Street, akipapasa vitambaa kwenye duka la mtu aitwaye Shamsudin. Kila kitambaa alikivuta kwa vidole viwili, akakigonga, akatega sikio. Mwenye duka akamtazama kwa muda, akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Samahani mzee. Mtu mmoja tu nilimwona akisikiliza kitambaa. Wewe si Obuya wa hangani? Uliyekuwa ukimshonea baba yangu mabawa?"

"Baba yako nani?"

"Marehemu Zaki. Rubani."

Obuya akaketi juu ya marobota bila kuombwa. Zaki! Mtu wa Mombasa, mwembamba kama waya, aliyekuwa akipeleka dawa na barua kwenye mashamba ya mbali, na ambaye ndege yake mwenyewe, Piper Cub ya njano, aliipenda kuliko koti lake la Idi. Kipimo cha mafuta cha ndege ile kilikuwa waya tu, umechomoza puani mbele ya kioo, chini yake kizibo kinachoelea ndani ya tangi. Mafuta yakipungua, waya unazama. "Obuya," Zaki alikuwa akisema, "wenzetu wana saa na taa. Mimi nina waya. Ukizama, nasali."

Shamsudin akaeleza. Baba alipofariki, ndege ilifunguliwa vipandevipande, ikawekwa bandani nyuma ya nyumba yao kule Muthangari, na huko iko hadi leo. Sasa binti yake, Safa, anaolewa baada ya Idi, na bibi yake hataki kusikia harusi bila ile ndege kusimama kwenye nyasi. Haitaruka. Bibi anataka tu mjukuu akae kiti cha mbele, pale alipokaa yeye wiki ya harusi yake.

"Mama amemtafuta fundi mpaka amechoka. Wote wanamwambia wanajua bati." Akapiga simu palepale, akampa.

Sauti ya Bi Zainab, mjane wa Zaki, ilikuwa ileile, laini, yenye ncha ndani. "Obuya! Kumbe u hai. Sikiliza. Injini usihangaike nayo. Nataka iwe njano. Njano ya ndizi mbivu, na ule mstari mweusi ubavuni. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bi Zainab."

"Haya, rudia."

"Njano ya ndizi mbivu. Mstari mweusi."

"Vyema. Mimi nakwenda Mombasa kwa mambo ya harusi. Nikirudi nataka niikute."

Huwezi kusema hakuambiwa.

Obuya aliiacha sofa ya watu ikiwa uchi pale Dagoretti Corner, akamchukua Milcah, wakawa kila asubuhi wanatoka kwao Kabiria kwenda Muthangari. Siku zile, Milcah anasema, mumewe alirudi kuwa na miaka ishirini na tano. Alipiga mluzi. Alinyoa ndevu. Kushona bawa ni kazi ya watu wawili: mmoja juu, mmoja chini, sindano ndefu inapita toka huku inatokea kule, mwenzako anaikaza na kuirudisha. Hamwonani, mnajuana kwa mvuto wa uzi tu. Zamani Obuya alishona na vijana wenzake waliokwisha kutawanyika, wengine makaburini, wengine Uganda. Sasa alishona na mkewe.

"Baba Jacklyne, unavuta kama unachota maji kisimani."

"Na wewe unalegeza kama unanyonyesha. Kaza!"

"Nikikaza nitang'oa bawa, utaniambia nimevunja ndege ya watu."

Walicheka chini ya lile bawa mpaka mtunza bustani akaja kuchungulia. Na walipopaka ile dawa, harufu ya rangi ya kucha ikajaa banda, Obuya akatoka nje kidogo, akajifanya anatafuta brashi. Milcah hakumfuata. Kuna machozi ambayo mtu huyaita moshi, na mke mwenye akili huyaacha yaitwe hivyo.

Matata yalianza alipofika kwenye kiwiliwili. Zamani yeye alishona mabawa tu. Kiwiliwili hakuwahi kukivua. Sasa alipopasua kitambaa kikuukuu nyuma ya mabawa, akaona vyuma ambavyo havikuwa na kazi. Fremu. Fremu za madirisha makubwa, kushoto, kulia na juu, zimefunikwa kwa kitambaa miaka na miaka. Akakwangua bati la pua kwa msasa. Chini ya njano palikuwa na nyeupe, na chini ya nyeupe kijani kizito, kile cha lori la jeshi.

Hapo akampigia Waithaka, na hapo ndipo ujinga ulipopata mwenzake.

Waithaka alikuwa mteja wake, mtu wa makamo, mfanyakazi wa ofisi ya bima mjini, mwenye sofa tatu na wazimu mmoja: ndege za zamani. Yeye na wenzake walikuwa na chama, na chama kilikuwa na hanga. Alifika jioni ileile na tai shingoni, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa ndani ya mifupa ya ndege, asikitoe.

"Mzee," sauti ikatoka humo, "unajua hii ni nini?"

"Ni Cub."

"Cub iko mingi. Hii ni ile ya jeshi! Hii ni L-4!"

Akatoka na utando wa buibui kichwani, akaanza kuhubiri. Ndege hii, alisema, ilizaliwa ya watu wa kawaida. Ilikuwa rahisi na nyepesi, injini yake ndogo, ya mkulima na ya mwanafunzi wa urubani. Ikapakwa njano, ikapendwa. Halafu Vita Kuu ya Pili ikaja, jeshi la Marekani likaichukua karibu ilivyo: likaipaka kijani, likaitia redio, na nyuma likatoboa madirisha makubwa ili askari akae pale akitazama nyuma na kando, awaambie wenye mizinga risasi zimeangukia wapi. Ilitua barabarani, ilitua mashambani, popote. Wanajeshi wakaiita Panzi. Wengine waliifungia hata bazuka za kulipulia vifaru mabawani.

"Bazuka?" Obuya akaruka. "Kwa hii nguo yetu?"

"Kwa hiyo nguo! Halafu vita ikaisha, wakaziuza kwa raia, raia wakaziba madirisha, wakapaka rangi ya nyumbani. Baadaye ikaja mdogo wake, Super Cub, injini yenye nguvu zaidi, na jeshi likaichukua hiyo pia. Ndiyo ile walinzi wa wanyama huku kwetu waliizoea sana. Lakini Panzi mwenyewe, mzee, Panzi wa vita, na yuko hapa Muthangari amejificha ndani ya gauni la njano! Mvue hilo gauni!"

"Mwenyewe anataka njano."

"Mwenyewe hajui ana nini! Ukimwonyesha atalia kwa furaha. Fungua madirisha, piga kijani, weka nyota. Halafu mwezi ujao tutamwomba atuazime kwa siku yetu ya maonyesho. Na mzee, nakuambia kama mwanao, chama kinatafuta mtu wa kitambaa. Ukituletea Panzi, meza yako iko pale hangani. Kabisa. Mlangoni tunaandika: Obuya, Fundi wa Ndege."

Mwingine angesikia maneno hayo akayaacha yapite. Obuya aliyasikia yakaingia, yakavua viatu, yakakaa. Fundi wa ndege. Si kwa siku moja ya harusi ya watu. Mpaka siku watakayomvalisha yeye sanda. Usiku ule aliacha chakula kipoe mezani.

"Unawaza nini?" Milcah akauliza.

"Kijani."

"Kijani gani?"

Akamweleza. Milcah akaweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mteja akitaka sofa nyekundu, unampa ya bluu kwa sababu mbao ilikuwa ya bluu?"

"Hii si sofa, Mama Jacklyne."

"Najua si sofa. Sofa usingeiharibu."

"Siharibu! Narudisha. Fundi akivua kitu, anarudisha kile alichokuta chini kabisa. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na hiyo uliyofundishiwa ilikuwa ya harusi?"

Lakini Obuya alikuwa ameshafika mbali. Milcah alimshonea mpaka mwisho, maana kazi ni kazi, ila rangi alikataa kuigusa. Alikaa kwenye ndoo mlangoni pa banda, akimenya machungwa na kumtazama mumewe akipaka kijani, na kila alipomaliza chungwa alisema neno moja tu: "Haya."

Bi Zainab alirudi Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Shamsudin alimpokea stesheni ya treni, akaja naye moja kwa moja na Safa. Ndege ilikuwa tayari kwenye nyasi, imefunikwa turubai. Waithaka alikuwa ameomba ruhusa kazini. Obuya alikuwa amevaa ovaroli lake la zamani la hangani. Tumbo lilikuwa limelikataa: zipu ilipanda hadi kitovuni, ikagoma hapo.

Akalivuta turubai kwa mkono mmoja, kama mchawi wa maonyesho, akangoja vigelegele.

Hakukuwa na vigelegele. Kulikuwa na kunguru mmoja kwenye mti wa jirani, na hata huyo aliondoka.

Ilikuwa ndege nzuri, tusimdhulumu. Kitambaa kimenyooka kama shuka ya hoteli. Kijani kizito toka pua mpaka mkia, nyota nyeupe ubavuni, madirisha ya nyuma yanang'aa.

"Bibi," Safa akasema polepole, "mimi naolewa, au naandikishwa jeshi?"

Shamsudin alikuwa akitazama viatu vyake. Obuya, badala ya kunyamaza, akafungua mdomo. Akahubiri mahubiri yote ya Waithaka: mkulima, mizinga, redio, bazuka. Waithaka akawa anamrekebisha pembeni kama kwaya. Bi Zainab alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya buibui. Hakukatiza. Waliomjua wangekimbia.

"Nifungulie mlango," akasema.

Mlango wa Cub hufunguka nusu juu na nusu chini, upande mmoja tu. Obuya akafungua. Mama huyo wa miaka sabini na kitu akakataa mkono wa mwanawe, akashika chuma cha juu, akajipenyeza, akakaa kiti cha mbele kana kwamba alishuka jana.

"Panda wewe nyuma."

"Mimi?"

"Kuna Obuya mwingine?"

Akapanda. Magoti yake yakakaribia mgongo wa kiti cha yule mama. Mbele yake Obuya aliona utaji tu, na pembeni yake kipande kidogo cha anga.

"Mbona kuna mwanga?" Bi Zainab akauliza bila kugeuka.

"Ni madirisha, Bi Zainab. Yalikuwa yamezibwa. Hapa nilipokaa ndipo alipokuwa akikaa askari wa..."

"Hapo ulipokaa alikuwa akikaa Zaki."

Obuya akakitazama kiti alichokalia.

"Cub hii rubani hukaa nyuma. Abiria mbele. Hilo walikwambia hao wanajeshi wako? Wiki ile ya harusi sikuwa nimemzoea. Tulikuwa tumeozwa na wazee, nilikuwa naona haya hata kumtazama akila. Basi akanileta uwanjani, akaniweka hapa mbele, akaingia nyuma, na nyuma kulikuwa na kiza. Simwoni. Nilifurahi, wallahi. Yeye akawa anapiga kelele kushindana na injini: umelala vizuri? Unapenda samaki? Mambo ambayo mtu huuliza kwa kunong'ona, yeye anayapayuka juu ya mtaa wa Karen. Nami nikamjibu kwa kelele. Tukazoeana hivyo, bila sura. Juu ya Ngong akaniuliza kama nitamvumilia. Nikamwambia, tazama mbele uendeshe. Akasema, mbele nakuona wewe tu."

Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine, "Na kweli. Kichwa changu kilimziba."

Obuya aliutazama ule utaji, na kile kipande cha anga pembeni yake. Mwanga wa madirisha yake mazuri ulikuwa umemwangukia mapajani, juu ya ovaroli lililokataa kufunga. Miaka yote aliyoshona mabawa ya Zaki, alijua nyuzi zote. Hakuwahi kuuliza nani hukaa mbele.

Akashuka. Akaenda moja kwa moja bandani, akarudi na msasa na kipande cha kitambaa kipya cha pamba. Milcah, aliyekuwa mlangoni, alisimama kwenye ndoo yake bila kuambiwa, akaanza kutunga uzi kwenye sindano ndefu.

"Mzee, unafanya nini?" Waithaka akamkimbilia.

"Naziba madirisha. Kesho napaka njano."

"Wewe! Umerogwa? Mzee, tulizungumza! Ukirudisha njano, chama hakiichukui. Njano zimejaa duniani. Na ile meza hangani mimi sitaweza kuitetea, nakuambia ukweli. Hutapewa."

Obuya alisimama na ule msasa. Hilo lilimwingia, asikudanganye mtu. Alilitazama ovaroli lake, akatazama ndege, akavuta pumzi ndefu yenye harufu ya rangi ya kucha.

"Nimesikia, Waithaka," akasema. "Njano."

Waithaka akaona huku hakuna njia, akageukia mlango wa ndege ambako Bi Zainab alikuwa angali amekaa. Alijaribu adabu yake yote.

"Mama, tafadhali, nisikize kidogo. Mimi siko hapa kubishana. Lakini hii ndege ilienda vita! Hii rangi ndiyo yake ya haki, ile ya njano ni ya kuwekewa tu. Harusi ni siku moja, mama. Watu wapige picha wakiwa na kitu cha historia ya dunia. Hata marehemu, naamini, angejua ni Panzi, angeiacha kijani."

"Alijua," Bi Zainab akasema.

"Alijua?"

"Ni yeye aliyeyaziba madirisha, kwa mkono wake, kabla hajanioa. Ilipokuja ilikuwa nyeupe iliyopauka, na kijani kinachungulia chini. Aliniambia yote hayo ya mizinga kabla wewe hujazaliwa. Kisha akanunua njano."

"Sasa kwa nini, mama? Mtu anajua ana kitu kama hiki, anakificha kwa nini?"

Bi Zainab akashuka polepole, akanyoosha buibui lake, akaelekeza kidole kwenye baraza ya nyumba, kisha juu, kule vilima vya Ngong vinakoonekana kati ya miti.

"Mwanangu, pale barazani ndipo nilipokuwa nikikaa jioni kumtazamia arudi. Kijani hicho jeshi lilikipaka ili adui asiione ndege. Njano Zaki aliipaka ili mimi niione. Sasa niambie wewe uliyesoma historia: mimi ni adui wa nani?"